Bunduki za Televisheni na Bunduki za Kweli: Somo Kutoka Mchezo wa "The Untouchables"

Katika muhula huu nimeulizwa maswali mengi darasani, na baadhi yake hayakutoka kitabuni. Yametoka katika michezo ya polisi na majambazi ambayo vijana wetu huitazama katika televisheni wakati wa likizo, au katika simu za kaka zao. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona mtu akipigwa risasi huruka nyuma hata akavunja dirisha?" Wa pili akasema, "Bunduki ile ina risasi ngapi, maana haziishi?" Wa tatu akauliza, "Waigizaji wenyewe hawafi kwa sababu gani?" Tena Chama cha Maigizo kimeniomba ushauri juu ya mchezo wao wa mwisho wa mwaka, ambamo askari watawafukuza wezi wa benki, na baadhi ya wanachama wanataka kishindo cha kweli jukwaani.

Maswali haya ni mazuri, wala si aibu kuyauliza. Nimeona yafaa niyajibu hapa katika gazeti letu ili wazazi nao wayasome, kwa kuwa mtoto atazamaye televisheni huwa yuko nyumbani kwao, si darasani kwangu. Nimechagua mchezo mmoja wa zamani uitwao The Untouchables, kwa sababu mambo yaliyo nyuma yake yalitokea kweli, na silaha zake zilichunguzwa na wataalamu. Kwa hiyo twaweza kuweka mchezo upande mmoja na kweli upande wa pili, kisha tukapima.

1. MCHEZO WENYEWE

The Untouchables ulionyeshwa Marekani na shirika la televisheni la ABC tangu mwezi wa Oktoba 1959 hata mwaka 1963. Habari yake ni ya mji wa Chicago katika siku za marufuku ya pombe. Marufuku hiyo ilianza Marekani Januari 1920 ikaondolewa Desemba 1933. Ndipo majambazi walipotajirika kwa kupika na kuuza pombe ya magendo, na mkubwa wao katika Chicago alikuwa Al Capone. Serikali iliunda kikosi kidogo cha wapelelezi chini ya kijana mmoja, Eliot Ness. Kwa kuwa watu wale hawakukubali hongo, magazeti yaliwaita kwa jina lenye maana ya "Wasioguswa." Ness alifariki mwaka 1957, na mwaka uo huo kikatoka kitabu cha habari zake alichokiandika pamoja na Oscar Fraley. Katika kitabu hicho ndimo mchezo ulimotoka. Mwigizaji Robert Stack ndiye aliyekuwa Ness, na mwaka 1960 alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo.

Mchezo ulipendwa sana, lakini ulilaumiwa pia. Wamarekani wenye asili ya Italia walinung'unika kwamba kila jambazi amepewa jina la Kiitalia, kana kwamba taifa zima ni wezi. Mwaka 1961 kamati ya Baraza la Senati, chini ya Seneta Thomas Dodd, ilichunguza ukatili katika televisheni na jinsi unavyoweza kuwadhuru vijana, na mchezo huu ukawa miongoni mwa iliyotajwa. Basi mtaona kwamba mjadala wa wazazi wetu wa leo si mpya. Una umri wa zaidi ya miaka 60.

2. SILAHA WANAZOSHIKA

Atazamaye mchezo huu ataona silaha za namna tatu.

Ya kwanza ni rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Ile iliyotumiwa sana na polisi wa Marekani siku hizo ilikuwa na kipenyo cha inchi 0.38, na silinda yake ilichukua risasi 6. Zikiisha 6, hapana budi mtu asimame, afungue silinda, atoe maganda, na kutia nyingine.

Ya pili ni bunduki ya marisau, ambayo kila kiasi chake hubeba punje nyingi za risasi badala ya moja. Majambazi waliikata kasiba ili ifichike chini ya koti.

Ya tatu ndiyo iliyoupa mchezo sifa yake: bunduki ya Thompson, ambayo Wamarekani waliipa jina la utani la Tommy, na wengine wakaiita taipureta ya Chicago kwa mlio wake. Wazee wetu waliokuwa katika jeshi la KAR wangeiita bombomu ndogo, maana hutoa risasi mfululizo kwa muda mtu aukazapo mtambo kwa kidole.

Aliyeianzisha ni John T. Thompson, ofisa wa silaha katika jeshi la Marekani. Alitaka chombo cha kusafishia mahandaki katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini vita vikaisha Novemba 1918 kabla bunduki haijafika uwanjani. Kiwanda cha Colt kilitengeneza bunduki 15,000 za muundo wa mwaka 1921. Jeshi halikununua nyingi; bei yake, kiasi cha dola 200, ilikuwa kubwa. Lakini katika sehemu nyingi za Marekani raia aliweza kuinunua dukani pasipo taabu, na wenye fedha za kununua walikuwa wauza pombe ya magendo. Hivyo silaha iliyoundwa kwa ajili ya askari iliingia mikononi mwa wahalifu, si kwa uchawi, bali kwa sheria iliyochelewa. Sheria ilikuja mwaka 1934: kila bunduki ya namna hiyo iandikishwe, na kila inapohama mkono ilipiwe kodi ya dola 200. Wakati huo marufuku ya pombe ilikuwa imekwisha ondolewa, na wengi waliokuwa wafe walikuwa wamekwisha kufa.

3. HESABU AMBAYO TELEVISHENI HAIIFANYI

Sasa tuchukue kalamu. Bunduki ya Thompson ya mwaka 1921 yaweza kupiga risasi 800 hivi kwa dakika. Gawanya kwa 60, utapata 13 na kidogo kwa sekunde moja. Kisanduku chake cha risasi huchukua risasi 20. Basi huisha katika sekunde 1 na nusu. Ngoma yake ya mviringo huchukua risasi 50. Huisha kabla ya sekunde 4. Sasa tazama mchezo ukiwa na saa mkononi. Jambazi amesimama juu ya ubao wa gari, anapiga tangu pembe moja ya mtaa hata pembe ya pili, sekunde 10, 15, bila kubadili ngoma. Risasi hizo zatoka wapi? Zatoka katika mkasi wa mtengeneza filamu, anayeunganisha vipande vilivyopigwa mara mbalimbali.

Uzito nao husahauliwa. Bunduki hii pasipo risasi yakaribia kilo 5. Kila kiasi kina uzito wa gramu 21 hivi, kwa hiyo viasi 50 ni zaidi ya kilo 1, mbali na ngoma yenyewe ya chuma. Mwigizaji huichezesha kwa mkono mmoja kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Mwambieni ndugu mmoja ashike mfuko wa sukari wa kilo 5 kwa mkono ulionyoshwa, mhesabu sekunde mpaka mkono utetemeke.

Sasa lile swali la mtu kurushwa nyuma. Risasi ya bunduki hii, yenye kipenyo cha inchi 0.45, ina gramu 15 hivi, nayo hutoka kwa mwendo wa mita 280 hivi kwa sekunde. Wanafunzi wa kidato cha tatu wajua kanuni ya tatu ya Newton: kila kani ina kani ya kuijibu, iliyo sawa nayo na iliyoelekea upande wa pili. Zidisha kilo 0.015 kwa 280, utapata momenta ya 4.2. Momenta hiyo hiyo humrudia mpigaji begani. Akipigwa mtu wa kilo 70, na risasi ikabaki mwilini, gawanya 4.2 kwa 70. Atasukumwa kwa mwendo wa mita 0.06 kwa sekunde, yaani sentimita 6. Huo ni mwendo wa kobe. Kama risasi ingeweza kumrusha mtu dirishani, ingemrusha aliyeipiga naye dirisha la upande wa pili.

Je, aliyepigwa haanguki? Huanguka, naam, lakini kwa sababu damu yamtoka, mfupa umevunjika au mishipa imekatika. Huanguka pale pale kama mzigo ulioachiliwa. Katika mchezo mtu huruka kwa kuwa amefungwa kamba nyuma, au kwa kuwa amefundishwa kuruka, na dirisha limetengenezwa kwa kioo bandia kisichokata.

Msidhani kwamba kwa kuwa msukumo ni mdogo, basi madhara ni madogo. Chukueni nusu ya kilo 0.015, zidisheni kwa 280 mara 280. Mtapata nishati ya jouli 588. Hiyo ni kazi ya kuinua mzigo wa kilo 60 hata urefu wa mita 1. Lakini kazi hiyo yote hufanyika mahali penye upana wa sentimita moja ya mraba, ndani ya nyama ya mtu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana katika mchezo shujaa hupigwa begani, akafunga leso, akaendelea kukimbia, lakini hospitalini daktari hulishughulikia bega lile kwa miezi mingi. Begani pana mshipa mkubwa wa damu, pana mishipa ya fahamu ya mkono mzima, na pana kiungo ambacho kikipasuka hakirudi kama kilivyokuwa. Hakuna "jeraha dogo la bega."

Jambo jingine: katika mchezo watu hujificha nyuma ya meza iliyopinduliwa au mlango wa gari. Bati la mlango wa gari ni jembamba. Mbao na bati humficha mtu asionekane. Hazimkingi na risasi.

4. KISHINDO PASIPO RISASI

Ili kujibu swali la tatu, yatupasa tujue kiasi cha bunduki kina nini ndani. Kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au nyekundu, fataki ndogo kitakoni, baruti katikati, na risasi yenyewe mdomoni. Mtambo ukivutwa, msumari hugonga fataki, fataki huwasha baruti, baruti hugeuka gesi ya moto, na gesi ikitafuta njia huisukuma risasi itoke katika kasiba.

Katika michezo hutumiwa viasi vya kishindo. Vina ganda, fataki na baruti, ila havina risasi. Mdomo umekunjwa au umezibwa kwa karatasi ngumu. Hutoa moto na mlio. Mtu asiyejua husema, "Basi havina hatari." Hapa ndipo napenda kila msomaji asimame na kusoma mara mbili.

Mwaka 1984 kijana wa Marekani, Jon-Erik Hexum, mwenye miaka 26, alikuwa akiigiza katika mchezo wa televisheni uitwao Cover Up. Katika mapumziko ya kazi, kwa mzaha, alijiwekea kichwani rivolva yenye kiasi cha kishindo akavuta mtambo. Hapakuwa na risasi. Lakini gesi ile ilitoka kwa nguvu hata ikavunja mfupa wa fuvu na kuusukuma ubongoni. Baada ya siku chache akafariki.

Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee, mwenye miaka 28, aliuawa wakati wa kutengeneza filamu. Kwanza bunduki ilitiwa viasi vya kuonyesha tu, vyenye risasi lakini visivyo na baruti. Risasi moja ikachomoka ikakwama ndani ya kasiba, wala hapana aliyeichungulia. Baadaye bunduki ile ile ikatiwa kiasi cha kishindo. Baruti ya hiki ikaisukuma risasi ya kile, na mbele yake alikuwa amesimama mtu. Makosa mawili madogo yakakutana yakawa kifo.

Na tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa katika matayarisho ya filamu, kwa sababu kiasi cha kweli kilikuwa kimeingia mahali ambapo hakikupasa kuwapo kabisa. Mtunza silaha wa filamu ile alitiwa hatiani mwaka 2024 akafungwa miezi 18.

Tazameni, hawa walikuwa na wataalamu, fedha, na kanuni zilizoandikwa. Sisi tuna nini? Tuna vijana ambao nyakati za sikukuu hutengeneza vijibunduki kwa spoku ya baiskeli, msumari na baruti ya vichwa vya viberiti, wakaita mchezo. Chombo kile kina kanuni ile ile ya bunduki ya Thompson: gesi imefungwa mahali pembamba, yatafuta njia. Ikikosa njia ya mbele hupasua chuma, na chuma kikipasuka hakichagui jicho la mwenyewe wala la jirani. Nimekwisha kuona kidole cha kijana kilichopasuliwa hivyo, na kijana yule sasa hushika kalamu kwa taabu. Wazazi, mkisikia mlio huo nyuma ya nyumba, msicheke.

5. DARUBINI YA DAKTARI GODDARD

Sasa nataka kuwaonyesha jambo ambalo mchezo wa televisheni hulipita upesi, nalo ndilo lililo kubwa kuliko yote.

Asubuhi ya tarehe 14 Februari 1929, watu 7 waliuawa katika gereji moja mtaa wa North Clark, Chicago. Walisimamishwa ukutani wakapigwa risasi. Baadhi ya wauaji walivaa sare za polisi, na kwa sababu hiyo watu wengi wakanong'ona kwamba polisi wenyewe ndio waliofanya kazi ile. Mji ukajaa hofu: kama askari ndiye muuaji, raia amkimbilie nani?

Aliitwa Calvin Goddard, daktari aliyekuwa amegeuka kuwa mchunguzi wa risasi. Chombo chake kilikuwa darubini ya kulinganishia, inayomwezesha mtu kutazama vitu viwili pamoja kama kimoja. Msingi wa elimu yake ni huu. Ndani ya kasiba ya bunduki mna mifereji myembamba iliyozunguka kama parafujo, ambayo huizungusha risasi ili iende sawa. Chuma kilichochonga mifereji ile huacha mikwaruzo midogo, na hakuna kasiba mbili zenye mikwaruzo iliyo sawa kabisa. Risasi ipitapo huchorwa na mikwaruzo hiyo. Ganda nalo huachiwa alama na msumari na sehemu nyingine za bunduki. Kwa hiyo bunduki hutia sahihi yake, hata kama mwenyewe hataki.

Sakafuni katika gereji yaliokotwa maganda 70 ya kipenyo cha inchi 0.45. Goddard aliyatazama akasema: bunduki za Thompson zilikuwa mbili, moja ilitoa 50, nyingine 20. Kumbukeni hesabu yetu ya juu: ngoma moja na kisanduku kimoja. Kadiri ya bunduki zile, kazi yote ya kufyatua ilihitaji sekunde zisizofika 4. Kisha akapiga risasi za majaribio kwa bunduki za Thompson za polisi, akazilinganisha na zile za gereji. Hakuna iliyofanana. Lawama ya polisi ikaondoka, si kwa maneno ya mkubwa fulani, bali kwa ushahidi ambao kila mtu aliweza kuutazama katika kioo.

Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, katika mji wa St. Joseph, jimbo la Michigan, askari aitwaye Charles Skelly aliuawa na mtu aliyekuwa amegonga gari. Polisi walipopekua nyumba ya mtu huyo, aliyejulikana baadaye kuwa Fred Burke, walikuta bunduki mbili za Thompson. Zikapelekwa kwa Goddard. Akalinganisha, akasema: ndizo hizi. Burke alifungwa maisha kwa kumuua Skelly, akafia gerezani mwaka 1940. Kwa mauaji ya gereji hapana mtu aliyepata kuhukumiwa mpaka leo. Hata hivyo kazi ya Goddard haikupotea. Palianzishwa maabara ya uchunguzi wa uhalifu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, na njia ile ya kulinganisha alama za risasi ikaenea katika majeshi ya polisi ya dunia.

6. KALAMU ILIYOMSHINDA CAPONE

Katika mchezo, Ness na wenzake huwamaliza majambazi kwa bunduki kila juma. Katika kweli, kazi yao kubwa ilikuwa kusikiliza simu kwa siri, kufuata malori usiku, na kuvunja viwanda vya pombe, wakati mwingine kwa lori lililofungwa chuma mbele. Mchezo pia umempa Ness sifa za watu wengine. Umemwonyesha akipambana na genge la Ma Barker. Lakini mama yule aliuawa Florida mwaka 1935 na wapelelezi wa FBI, na Ness hakuwapo. Mtungaji wa mchezo anayo ruhusa ya kubuni. Msomaji hana ruhusa ya kuuchukua mchezo kuwa kitabu cha historia.

Na Al Capone mwenyewe alikamatikaje? Hakupigwa risasi na Ness. Oktoba 1931 mahakama ilimtia hatiani kwa kutolipa kodi ya mapato, akahukumiwa miaka 11. Waliofanya kazi hiyo hasa ni wakaguzi wa hesabu wa idara ya kodi, ambao Frank Wilson alikuwa mmoja wao. Walikaa miezi na miezi wakisoma daftari za nyumba za kamari, wakilinganisha mwandiko, wakitafuta makarani waliouandika. Mtu aliyekuwa na bunduki nyingi kuliko wote alishindwa na watu wenye penseli. Nawaambia hasa ninyi mnaoona somo la uwekaji hesabu kuwa la kuchosha: hakuna mtu anayeweza kutengeneza mchezo wa kusisimua juu ya karani anayejumlisha tarakimu, lakini karani yule ndiye aliyemfunga Capone.

Kuna mchezo mwingine wa Marekani ulioifahamu siri hii, uitwao Columbo, ambamo Peter Falk alikuwa mpelelezi tangu mwaka 1968 hata 2003. Bastola ni nadra sana mkononi mwake. Silaha huwa mkononi mwa muuaji, na mpelelezi humshinda kwa kuuliza, kutazama, na kuuliza tena. Hata hivyo watazamaji hawakuchoka.

7. YATUPASAJE

Kwa Chama cha Maigizo jibu langu ni hili. Chongeni bunduki za mbao, mzipake rangi nyeusi. Mtazamaji aliye mstari wa tatu hatajua. Kishindo kifanywe nyuma ya pazia kwa mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, zikigonganishwa kwa nguvu. Hata hivyo ndivyo ilivyo katika filamu: mlio mnaousikia mara nyingi si wa bunduki mnayoiona, umetiwa baadaye na fundi wa sauti. Aliyepigwa aanguke palepale, asiruke. Walimu wa Fizikia watawasifu. Viberiti, baruti na fataki za sikukuu zisiingie katika ukumbi.

Kwa kila mwanafunzi: ukiokota risasi, ganda, au chombo cha chuma usichokijua, shambani au mtoni, usikiguse, usikigonge, usikitupe motoni. Wakumbushe wenzako wakae mbali, umwite mtu mzima, na habari ifike polisi. Mtu akikuonyesha silaha nyumbani kwao, hata akisema haina kitu, ondoka. Hexum naye alijua kwamba haina risasi. Kumiliki silaha bila kibali ni kosa; hapa Tanzania sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 imeeleza wazi.

Kwa wazazi: sisemi mzime televisheni. Kaeni na watoto mtazame pamoja, mkaulize, "Risasi zile ni ngapi? Yule mtu atapona kwa muda gani? Mke wake ataishije?" Mchezo hutuonyesha risasi inavyotoka, lakini kamera huondoka kabla ya mazishi. Sehemu hiyo iliyobaki ni juu yetu kuieleza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kipindi kimoja askari mwenye rivolva ya risasi 6 anapiga mara 9 bila kutia nyingine. Eleza jinsi mtengeneza filamu alivyoweza kulionyesha jambo hilo.

2. Bunduki ya Thompson iliweza pia kutiwa ngoma ya risasi 100. Kwa mwendo wa risasi 800 kwa dakika, ngoma hiyo itaisha kwa sekunde ngapi?

3. Gunia la mchanga la kilo 45 limening'inizwa kwa kamba. Likipigwa risasi ya gramu 15 yenye mwendo wa mita 280 kwa sekunde, na risasi ikabaki ndani, gunia litaanza kusogea kwa mwendo gani?

4. Risasi mbili zimetoka viwanda mbalimbali lakini zimepigwa na bunduki moja. Je, Daktari Goddard angeona alama zilizofanana? Toa sababu.

5. Kifo cha Brandon Lee kilitokana na makosa mawili yaliyokutana. Yataje, kisha uandike kanuni mbili ambazo zingeweza kukizuia.

Majibu yaandikwe katika karatasi safi, yakiwa na jina na kidato, yaletwe kwangu katika maabara ya Fizikia kabla ya mwisho wa juma la tatu la muhula ujao. Jibu lililo bora katika kila kidato litasomwa mbele ya shule.